Glavu chini, Mwingereza chali!

Najua wengine mkifungua ukurasa huu mnategemea habari za mabraza waliotoswa na wapenzi wao, masista du wanaoazimana viatu vya kwendea harusini, na yule mwenye nyumba anayezima taa ya uani saa mbili usiku. Hao wapo, hawaendi popote, tutawarudia. Wiki hii nawaletea kipa.

Tena siyo kipa wa hapa Bongo, maana nikigusa hao nitaandamwa mpaka nihame mtaa. Huyu ni Mreno, kashastaafu zamani, na jina lake ni refu kama mstari wa watu kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni: Ricardo Alexandre Martins Soares Pereira. Wenyewe kule walilikata wakabakiza Ricardo tu. Alizaliwa 11 Februari 1976 katika mji wa Montijo, ng'ambo ya mto Tagus, ukivuka ndo Lisbon. Yaani chukulia Kigamboni na Posta: jiji unaliona kwa macho, ila mpaka uvuke maji.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Nyie mliocheza chandimu mnajua, ukipanga timu mtaani kipa anapatikanaje? Hachaguliwi. Anabaki. Mnene anaambiwa kakae golini. Mdogo wa mtu aliyelazimisha aje naye anaambiwa kakae golini. Aliyechelewa kufika naye golini. Na hata huko juu kwenye mishahara minono mambo hayajabadilika sana. Straika anaweza kupaisha mipira mitano mpaka inaangukia barabarani, akifunga wa sita anabebwa juu juu, mademu wanamzimia, magazeti yanamfagilia. Kipa adake kumi, ateme mmoja tu, kwisha habari yake. Kauza mechi. Kalogwa. Alikesha baa. Ni kama keshia wa benki: anahesabu hela za watu mwaka mzima na hakuna anayemshukuru, siku moja droo ipungue hata kidogo tu, anaitwa ofisini.

Sasa huyu Ricardo alilipata lile la kubebwa juu juu, na hili la droo kupungua nalo alilipata. Mara nyingine ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana namzimikia.

Alianzia timu kubwa na Boavista mwaka 1995. Boavista ni timu ya mji wa Porto, lakini siyo ile Porto mnayoijua; hii ni ya pili pale mjini, ina jezi za vyumba vyumba vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti. Kijana akaanza kwa kusugua benchi kama wengine, maana golini alikuwepo Mkameruni mmoja anaitwa William Andem. Akakomaa. Mpaka msimu wa 2000/2001 namba ilikuwa yake, na msimu ule ukawa wa ajabu. Mjue kwamba kule Ureno wana Simba na Yanga watatu: Benfica, Sporting na Porto. Hao ndo wanaogawana ubingwa, wengine wanakuja kukamilisha ratiba. Ukiacha Belenenses waliowahi kuchomoka nao 1946, hakuna mwingine aliyewahi kuugusa. Basi bwana, mwaka 2001 Boavista wakaubeba, pointi 77, Porto wakabaki na 76 na midomo wazi. Mji ule ule! Nadhani kuna watu hawakupita mitaa fulani mwezi mzima.

Miaka miwili baadaye, 2003, Boavista hao hao wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA na kukutana na Celtic ya Scotland. Kwenye mechi ya kwanza kule Glasgow, Henrik Larsson, wakati huo anaogopwa kama radi, akapewa penati. Ricardo akaipangua. Ikaisha 1-1. Marudiano Larsson akafunga na Boavista wakatolewa, lakini hiyo penati naomba muiweke akilini.

Kiangazi cha 2003 akahamia Sporting ya Lisbon, kiangazi kile kile ambacho dogo mmoja wa miaka 18 aliondoka pale kwenda Manchester United. Dogo mwenyewe mnamjua, anaitwa Cristiano Ronaldo. Sitapoteza wino kwake, ana waandishi wa kutosha.

Sasa njoo kwenye kasheshe.

Ureno ilikuwa na kipa mwingine, Vítor Baía. Huyu ni braza wa kweli. Kazaliwa 1969, mrefu, sura ya sinema, nywele hazichafuki hata akiruka kwenye tope. Alidakia Porto, akanunuliwa na Barcelona, akachukua nao Kombe la Washindi 1997, akarudi Porto. Mwaka 2003 akabeba Kombe la UEFA. Mwaka 2004, tarehe 26 Mei, akabeba Ligi ya Mabingwa chini ya José Mourinho baada ya kuwafunga Monaco 3-0 mjini Gelsenkirchen, Ujerumani. UEFA wenyewe wakamtangaza kipa bora wa msimu. Umeelewa? Kipa bora wa klabu zote za Ulaya ni Mreno, na mashindano ya mataifa ya Ulaya yanaanza wiki mbili baadaye Ureno hapo hapo, nyumbani.

Kocha wa taifa hakumwita.

Kocha mwenyewe alikuwa Luiz Felipe Scolari, Mbrazili mwenye masharubu, aliyechukua timu 2003. Tangu afike hakumwita Baía hata siku moja. Huyu mzee alikuwa na historia: 2002 aliwaacha Wabrazili wanamlilia Romário, akaenda Kombe la Dunia bila yeye, akarudi na kombe. Mtu wa hivyo utamwambia nini? Akawapanga makipa wake: Ricardo, Quim na Moreira. Namba moja Ricardo. Porto nzima ikavimba. Vijiwe vya Ureno vikagawanyika kama nyumba ya wake wenza.

Mimi nikiulizwa, nasema wazi: mwezi ule Baía alistahili kudaka. Alikuwa kwenye moto. Lakini sasa jiweke kwenye nafasi ya Ricardo. Hukujichagua. Umeitwa kazini, umekwenda. Kila mpira unaokuja, kuna watu milioni kumi wanauliza: yule mwingine angefanyaje? Siyo Wagiriki tu unaocheza nao. Unacheza na mtu ambaye hayupo uwanjani, na mtu ambaye hayupo uwanjani hafungwi kamwe.

Mechi ya ufunguzi, 12 Juni 2004, uwanja wa Dragão, kwa Baía mwenyewe nyumbani. Ugiriki 2, Ureno 1. Mnaweza kufikiria maneno. Wakajikongoja, wakamfunga Mrusi 2-0, wakamfunga Mhispania 1-0, wakaingia robo fainali kukutana na Uingereza. Alhamisi 24 Juni, uwanja wa Luz, Lisbon.

Kwa saa zetu ilianza saa nne kasoro robo usiku. Nyie mliokuwa mmeshakua mnakumbuka mabanda ya video yalivyofurika, jasho linatiririka, benchi moja watu tisa, na mwenye banda anapita anadai tena hela mpira ulipoingia dakika za nyongeza kana kwamba ni filamu ya pili. Wabongo wengi walikuwa upande wa Uingereza. Sababu ni moja tu, ligi yao tunaiangalia. Siku hiyo kila mtu alikuwa binamu yake Beckham.

Dakika ya 3 tu, kipa wa Uingereza David James akapiga mpira mrefu, Mreno Costinha akaugusa vibaya kwa kichwa, Michael Owen akageuka akautia nyuma ya Ricardo. Moja. Wale wa Baía wakaanza. Wayne Rooney akaumia mguu dakika ya 27, akatoka, akaingia Darius Vassell. Jina hilo nalo liwekeni pembeni, lina kazi mbele. Ikabaki hivyo mpaka Scolari akafanya mambo yake ya kichizi, akamtoa Luís Figo, nahodha, mfalme, akamwingiza Hélder Postiga aliyekuwa amechemsha msimu mzima Tottenham. Dakika ya 83 Postiga huyo huyo akachomoa bao kwa kichwa.

Dakika za lala salama Sol Campbell akatumbukiza mpira wavuni kwa kichwa na Waingereza wakaruka. Refa Urs Meier, Mswisi, akapuliza: John Terry kamzuia kipa. Kipa nani? Ricardo. Magazeti ya udaku ya kule yalimshughulikia huyo refa mpaka polisi wakalazimika kumlinda. Na mimi nimo humu humu kwenye udaku, lakini wale wenzetu, duh.

Nyongeza: Rui Costa akapiga shuti moja la hatari dakika ya 110, Luz ikatetemeka. Frank Lampard akarudisha dakika ya 115. Mbili kwa mbili. Matuta.

Beckham akaanza. Alipokita mguu udongo ukamwachia, mpira ukaenda kwa mashabiki. Deco akafunga. Owen kafunga, Simão kafunga, Lampard kafunga. Rui Costa naye akapaisha, udongo ule ule. Terry kafunga. Ronaldo kafunga. Owen Hargreaves kafunga, Maniche kafunga. Mitano mitano imeisha, nne kwa nne. Ashley Cole akafunga wa sita. Akaja Postiga, na hapa wenye presha walitoka nje: mtu kakosa kila kitu mwaka mzima, nchi yake ikikosa inatolewa, yeye akauchota mpira polepole ukaelea katikati ya goli kama puto. James kashalala pembeni. Sijui wanawalisha nini hawa.

Sasa hesabu za Ricardo. Waingereza wamepiga sita. Mmoja umepaa wenyewe, mitano imeingia. Yeye hajagusa kitu. Kule nje mtu wa Baía anajua la kusema kesho. Vassell anakuja na mpira. Na hapo Ricardo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikiliangalia mwili unasisimka: akavua glavu. Moja, ya pili, akazitupa chini. Akabaki na mikono mitupu kama dogo wa chandimu. Mwenyewe alishaeleza baadaye kwamba aliona hajazuia hata mmoja, akahisi lazima abadilishe kitu, chochote. Wataalamu wa makipa watakwambia glavu ndizo zinazoshika mpira na kulinda vidole. Hiyo ni kweli. Lakini wewe ndo Vassell, umeingia badala ya Rooney, unaiweka ngozi chini, unainua macho unamkuta mtu anavua glavu anakutazama. Utafikiri anataka ngumi.

Vassell akapiga. Ricardo akaruka upande ule ule, akapangua.

Ungedhani imetosha. Angekimbilia pembeni, apige magoti, aachie mwingine amalizie. Wapi! Akauchukua mpira mwenyewe, akauweka, akarudi hatua chache na mikono ile ile mitupu. Waliomjua hawakushangaa sana, alikuwa na mguu mzuri wa kupiga. Sisi wengine tulishika vichwa. Akaupeleka chini kwenye kona, James hakuuona. Sita kwa tano. Kwa saa zetu ilikuwa imeshapita saa sita usiku, na kwenye mabanda Wabongo wale wa Beckham walikuwa wameshageuka Wareno tangu utotoni.

Hapo ningekuwa mwongo ningewaambia akaishi raha mustarehe. Siku kumi tu baadaye, 4 Julai, uwanja ule ule wa Luz, fainali. Wakati huo wameshamtoa Mholanzi 2-1. Wagiriki tena! Dakika ya 57 wakapata kona, Basinas akaipiga, Ricardo akatoka golini, akachelewa, Angelos Charisteas akamwahi kwa kichwa. Moja bila, na ndiyo ikawa mechi. Ronaldo analia kama mtoto, nchi nzima inalia. Na kesho yake, hebu nikuulize, watu waliongelea nini, penati ya Vassell au kona ya Charisteas? Kipa akitoka lazima aupate, akikaa anaambiwa mwoga. Mimi naona alikosea hesabu ya hatua moja, basi. Lakini hatua moja ya kipa haina mtu nyuma yake wa kumsitiri.

Niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo, maana hili ni la huku kwetu pwani. Ukishuka na bahari kutoka Mtwara, ukavuka Ruvuma ukaendelea kusini kwenye pwani ya Msumbiji, utafika Nacala. Hapo alizaliwa Alberto da Costa Pereira, 1929, enzi za Mreno. Huyo ndiye aliyekuwa golini Benfica walipobeba Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1961 na 1962. Mwaka 1965 wakafika fainali tena, Milan, kwa Inter wenyewe, mvua inamwaga. Jair akapiga mpira wa kawaida tu, ukamponyoka mikononi ukapita katikati ya miguu. Baadaye akaumia, na siku hizo kubadilisha mchezaji hakuna, beki Germano akaingia golini akamalizia. Wakalala 1-0. Yaani mtu kabeba makombe mawili ya Ulaya, lakini mtajieni mzee wa Lisbon anayefuatilia mpira, uone kama hataanza na ule mpira wa Milan. Tuendelee.

Mwaka 2005 ndo ulikuwa mbaya kuliko wote. Jumamosi 14 Mei, Sporting wako juu kwenye mbio za ubingwa, wanakwenda kwa Benfica. Sare inawatosha kubaki pazuri. Dakika ya 83 faulo inapigwa, Ricardo anatoka, anagongana na beki lile jitu la Benfica, Luisão, mpira unaingia. Ricardo anamlilia refa kwamba kachezewa rafu, refa anaonyesha kati. Ubingwa ukaota mbawa. Jumatano yake, 18 Mei, wana fainali ya Kombe la UEFA na CSKA Moscow, tena uwanjani kwao Alvalade. Wakatangulia bao moja. Wakarudishiwa, wakapigwa la pili. Wakagonga mwamba, na kabla hawajamaliza kushika vichwa Warusi wakakimbia nao wakafunga la tatu. Siku nne, makombe mawili yamekwenda. Kuna watu wakivunjika moyo na mchumba mmoja hawali wiki. Huyu alifiwa mara mbili kabla hajamaliza matanga ya kwanza, na Jumapili anatakiwa akadake tena.

Scolari hakuyumba. Watu wakampigia kelele za Baía, akaziba masikio. Kombe la Dunia 2006, kipa namba moja: Ricardo. Na robo fainali nani? Uingereza. Jumamosi 1 Julai, Gelsenkirchen, uwanja ule ule Baía alionyanyulia kombe lake. Huu mpira bwana, ukiutunga mwenyewe utaambiwa muongo.

Rooney akamkanyaga Ricardo Carvalho pabaya, nyekundu dakika ya 62, Ronaldo akakonyeza benchi, na Waingereza mpaka leo hawajaisahau ile jicho. Bila kwa bila dakika 120. Matuta tena! Safari hii hakuvua kitu, glavu mkononi. Simão kafunga. Lampard kapiga, Ricardo kapangua. Hugo Viana kagonga mwamba. Hargreaves kafunga. Petit katoa nje. Yaani wenzake wanamwangusha kushoto na kulia. Steven Gerrard kapiga, Ricardo kapangua. Postiga kafunga. Akaja Jamie Carragher, aliyeingizwa dakika za mwisho kabisa kwa kazi hiyo moja ya kupiga penati. Akapiga haraka kabla ya filimbi, ukaingia, refa akamwambia rudia. Akarudia. Ricardo kapangua. Ronaldo akamaliza.

Tatu! Lampard, Gerrard, Carragher, siyo watoto wa chandimu hao. Hakuna kipa aliyekuwa amewahi kupangua mikwaju mitatu kwenye matuta ya mechi moja ya Kombe la Dunia kabla yake. Ilipita miaka 12 mpaka Danijel Subašić wa Kroatia akaifikia 2018, na mwenzake wa nchi hiyo hiyo Dominik Livaković akaifikia 2022. Na 1 Julai 2024, tarehe ile ile kama ya Gelsenkirchen, Mreno mwingine, Diogo Costa, akapangua mitatu ya Slovenia mfululizo kwenye mashindano ya Ulaya, Frankfurt, Ujerumani tena. Wanaoamini nyota mchukue kalenda zenu.

Nusu fainali Zidane akapiga penati moja akamfunga, Ufaransa wakapita 1-0. Zidane siyo Mwingereza.

Kuanzia hapo barabara inateremka na sitawachosha. Alichukua Kombe la Ureno na Sporting 2007, akaenda Real Betis ya Hispania. Mashindano ya Ulaya 2008, robo fainali mjini Basel, Ujerumani wakawapiga 3-2, mawili kwa vichwa kutoka mipira ya kutengwa, na la Ballack Ricardo alitoka akabaki katikati, siyo golini siyo kwenye mpira. Ile ikawa mechi yake ya mwisho ya taifa. Ya 79. Baía alimaliza na 80. Mechi moja tu! Ugomvi wa nchi nzima wa miaka mitano umeisha kwa tofauti ya mechi moja, na aliyetoswa ndiye aliyebaki mbele.

Betis wakashuka daraja 2009, yeye mwisho akawa hapangwi. Huwa naona watu wanamcheka mchezaji akifika hapo. Mimi simcheki. Mtu wa miaka 34 aliyedaka fainali ya Ulaya anaamka asubuhi anakwenda mazoezini akijua Jumapili atakaa jukwaani. Wengi wangeingia mitini na mshiko wao. Huyu alitafuta kazi.

Na kazi aliipata wapi? Uingereza! Januari 2011 akasajiliwa na Leicester City, wakati huo iko daraja la pili. Sasa nisikilizeni vizuri. Kocha wa Leicester alikuwa Sven-Göran Eriksson, yule Msweden mpole wa miwani, ndiye aliyekuwa kocha wa Uingereza 2004 na 2006. Yaani mtu aliyemtoa kwenye mashindano makubwa mawili kwa matuta, kaona amnunue kabisa aishe naye. Eriksson alifariki Agosti 2024, Mungu ampumzishe, na kwa hilo tu namhesabu ni mtu mwenye roho kubwa.

Bado. Ricardo anafungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, anatafuta pa kutundika koti lake, na kwenye benchi pale, anafunga kamba za viatu, kuna mshambuliaji wa Leicester ambaye tangu usiku ule wa Lisbon hakuichezea tena timu ya taifa ya Uingereza hata mara moja. Darius Vassell.

Walicheza pamoja mpaka msimu ukaisha. Ricardo akadaka mechi chache za ligi, akarudi kwao, Vitória Setúbal, halafu Olhanense, akatundika glavu 2014 akiwa na miaka 38. Lakini mimi nimebaki Leicester, kwenye ile asubuhi ya kwanza. Nani alianza kumpa mwenzie mkono?